Mama Gwantwa na Baba Mkwe wa Mapokezi

Loji ya Mzee Mbonile inaitwa Hasamba View. Kutoka pale Hasamba haionekani. Kinachoonekana ni malori, na nyuma ya malori ni malori mengine. Lakini Mzee Mbonile ni mtu wa Hasamba, kahawa ya Hasamba ndiyo iliyolisimamisha ghorofa lile, na mtu aliyejenga kwa jasho lake ana haki ya kuona anachotaka dirishani kwake. Mapazia ya madirisha hayo nimeyashona mimi, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Naitwa Osea, fundi cherehani wa hapa Chapwa, Tunduma. Kibaraza changu kinatazamana na mlango wa loji ile, tumetengwa na barabara tu. Miaka kumi na minne nimekanyaga cherehani huku nikisikia sauti ya mwanamke mmoja ikipokea wageni. Leo nataka nimweleze mwanamke huyo. Katika mji wetu anayeelezwa ni mtu aliyekamatwa na magendo au aliyegombea udiwani, na yeye hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Jina lake ni Tusekile, ila sote tunamwita Mama Gwantwa, kwa jina la bintiye wa pekee. Ni Mndali wa milima ya Ileje. Alikuja Tunduma akiwa bibi arusi wa karani mmoja wa mizigo. Siku moja karani alivuka mpaka kwenda Kitwe kufuatilia shehena ya sukari iliyopotea. Shehena ilirudi. Mama Gwantwa alingoja miezi mitatu, akamshika mtoto mkono, akaenda kwa Mzee Mbonile kuomba kazi ya kufua mashuka. Kabla mwaka haujaisha mzee alikuwa amemhamishia mapokezi, kwa sababu wageni walikuwa wanaipita meza ya mapokezi na kwenda uani kumsalimia mfua mashuka.

Kwake salamu ndiyo iliyokuwa kazi, ufunguo ulikuwa nyongeza. Mgeni akiingia, Mama Gwantwa alisimama, akapinda magoti kidogo, akakutanisha viganja na kuvipiga taratibu, ndipo akaanza. Umesafirije. Foleni imeanzia wapi. Nyumbani umewaachaje. Yule mtoto aliyekuwa anaota meno, yametoka? Kwenu mvua imenyesha au bado mnaitafuta? Umekula nini, na umekula wapi? Mzambia alimuuliza kwa Kibemba, Mnyiha kwa Kinyiha, Mnamwanga kwa Kinamwanga cha kuungaunga, na mtu wa Dar es Salaam kwa Kiswahili, naye huyo wa Dar alijibu akitazama saa. Hakuna aliyepewa ufunguo kabla hajamaliza kujibu.

Niliwahi kumwambia kwamba anawapotezea watu muda.

"Fundi," akaniambia, "wewe si unapima kiuno kabla ya kukata kitambaa? Na mimi napima mtu kabla ya kumpa chumba."

Na kweli alipima. Dereva aliyejibu mara tatu kwamba nyumbani ni salama kabisa alipewa chumba cha karibu na mapokezi, maana huyo kesho atahitaji mtu wa kuzungumza naye. Aliyesema amekula njiani bila kutaja mahali alipelekewa uji bila kuulizwa. Katika wageni wake wote aliyemzidi kwa salamu alikuwa Damiano, dereva wa Ndola, mtu wa tumbo na kicheko, aliyepita kwetu na shaba mara mbili kwa mwezi. Damiano alipiga makofi matatu ya heshima mpaka kuku wa jirani wakashtuka, na ukimuuliza habari za nyumbani alianza na mama yake aliyekuwa akiishi Luanshya. Mama huyo tulimjua wote hapa Chapwa bila kumtia machoni: magoti yake, mbuzi wake, na ugomvi wake na mwenyekiti wa kwaya.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Mzee Mbonile alipoalikwa semina.

Mwaka ule ilianza Mpox, na kabla hatujajifunza kuitamka vizuri, kipindupindu kikarudi upande wa ng'ambo. Mradi mmoja ukawaita wenye loji wote wa kanda, wakakusanywa Mbeya siku mbili kufundishwa utalii salama wakati wa majanga ya kiafya. Mzee alirudi na mkoba mweusi, kofia yenye maandishi, na maneno mawili aliyoyatamka hata kanisani: mguso sifuri. Alitueleza kwamba watalii wanaokuja kutazama Kimondo cha Mbozi wanarudi kulala Mbeya kwa sababu loji zetu bado zinashikana mikono. Mzungu akija, alisema, hataki kuguswa, anataka kupokewa na mashine. Nikamuuliza ni Mzungu yupi amewahi kufika Chapwa. Akaniambia hao ndio hasa anaowazungumzia, wale ambao hawajafika.

Mashine ikaja wiki mbili baadaye, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa nguzo ya kimo cha mtu, kichwani ina kioo na kamera, kifuani ina mdomo wa kutemea kitakasa mikono. Ililetwa na kijana mtaalamu aitwaye Emanueli, mwenye viatu vya ncha. Alieleza kwamba mgeni husimama mbele yake, hutazama kamera, hupimwa joto la paji la uso, hunyunyiziwa mikono, kisha hupewa karatasi yenye namba ya kufungulia chumba. Joto likiwa la kawaida taa huwaka kijani. Likizidi taa huwa nyekundu na mlango wa ndani hujifunga. Nilipodadisi, Emanueli akakubali kwamba ilinunuliwa na hoteli moja ya mjini wakati wa korona, na korona ilipopoa ikawekwa stoo pamoja na vyungu vya maua. Kwa maneno mengine mashine ile ilikuwa imesomea ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mwaka mwingine.

Siku hiyohiyo mzee alimwita Mama Gwantwa na kumweleza waziwazi. Kamati ya mradi ingekuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Mashine ikipokea wageni peke yake mbele ya kamati, Hasamba View ingepewa cheti cha loji ya mfano, na meza ya mapokezi ingeondolewa pamoja na mwenye meza. Mpaka siku hiyo angekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine, asiseme neno, awe tayari kuichomeka umeme ukikatika. Gwantwa alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na kila mtu pale alijua ni nani anayemsomesha. Mzee alikuwa akilijua hilo pia, ndiyo maana aliongea akitazama dirishani.

Jioni Mama Gwantwa alikuja kibarazani kwangu, akangoja mpaka nikamaliza pindo la gauni.

"Miaka kumi na minne, fundi," akasema. "Kumbe nilikuwa nashikilia nafasi ya redio."

Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira yangu sikuificha. Lakini wiki hiyohiyo mzee akaniagiza nishone kifuniko cha mashine, cha kuzuia vumbi, chenye maua pembeni na maandishi ya Karibu Mgeni, nami nikashona, tena kwa moyo. Mtu hula ugali, hali hasira. Kifuniko kilitoka kizuri mno hata hakuna aliyetaka kukivua. Siku mbili nzima mashine ilitangaza kutoka ndani ya maua yangu kwamba hakuna mteja.

Kikavuliwa. Ndipo vituko vikaanza.

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee wa heshima kutoka vijiji vya kahawa, mwenye fimbo. Mashine ikamwambia, "Habari yako, mteja wetu." Mzee akasimama kungoja shikamoo. Akangoja sana. Mama Gwantwa, aliyekatazwa kusema, alipinda magoti kule nyuma bila sauti, lakini mzee hakumwona. Akageuka akarudi kwao, na habari zikafika Hasamba kabla yake kwamba Mbonile amenunua kitu kisicho na adabu. Emanueli akapigiwa simu, akabonyeza anapopajua yeye, na kuanzia siku ile mashine ikampa kila mtu shikamoo. Mtoto wa miezi minane aliyekuwa mgongoni alipewa shikamoo, na mama yake akaitikia marahaba kwa niaba yake.

Sasa shikamoo nayo ikaleta mambo. Huku kwetu ukisalimiwa kwa heshima huwezi kusimama wima kama mti wa umeme. Wanawake walipinda magoti, wanaume waliinama na kupiga viganja, na kila aliyeinama uso wake ulitoka kwenye kamera. Mke mmoja wa mchimba dhahabu, aliyekuja na bodaboda kutoka Galula na vumbi lake lote, aliinama mara nne, na mara nne akaambiwa hayupo. Ferista, mpishi wa loji, ndiye aliyeipa mashine jina. Kwa Wandali wa zamani mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, humwinamia au humkwepa kabisa. Ferista akasema basi huyu ni Baba Mkwe, tofauti ni kwamba huyu anakasirika usipomkodolea macho.

Ferista mwenyewe ndiye aliyekuwa na kesi kubwa zaidi. Alikuwa akitoka jikoni, uso wake umechemka kwa moto wa mkaa, Baba Mkwe akampima na kuwaka nyekundu. "Joto la mwili limezidi. Tafadhali jitenge." Mlango unajifunga, chapati zinaungua upande wa pili. Madereva nao walitoka kwenye foleni ya siku mbili, kichwa kimepigwa na jua na miguu imepikwa na injini, wakaambiwa wajitenge. Wengine walijitenga moja kwa moja mpaka loji ya jirani.

Basi Ferista akatumia akili aliyopewa na Mungu. Akaweka beseni la maji ya baridi nje ya mlango, na kitambaa kimoja. Ukifika unachovya kitambaa, unajifuta paji la uso, unavuta pumzi, unaingia. Kijani. Ndani ya wiki moja hapakuwa na mtu aliyepita mlango ule bila kujifuta. Madereva walijifuta uso mzima na mdomo na shingo, wakakamua, wakarudisha kwa anayefuata. Mzee Mbonile alifurahi kupita kiasi, kwa sababu taarifa ya mashine ya kila jioni ilisema afya njema kwa asilimia mia. Akaandika kibao, akakitundika juu ya beseni: KITUO CHA MAANDALIZI YA MGUSO SIFURI.

Na mimi nilijifuta, nisijifanye malaika. Nilikuwa naenda kupima mapazia.

Wiki hiyo kipindupindu kilivuka. Gari la matangazo likapita mitaani likituambia tuchemshe maji, tunawe kwa sabuni, tusile vyakula vya kando ya barabara, tusishirikiane vyombo. Mama Gwantwa aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akamfuata mzee, akamwambia kwamba beseni lile ndilo gari linalolisema. Wanapangusia midomo humo watu arobaini kwa siku, alisema, na maji yanabadilishwa asubuhi tu. Mzee akamwonyesha ile taarifa ya jioni. Akamwuliza, kati yake na mashine, nani amesoma zaidi. Kisha akaongeza kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba zimebaki siku nne tu, avumilie.

Ijumaa ikafika. Mzee alivaa koti la harusi yake, ambalo nililiongeza pande mbili ili lifunge. Kwa kuwa kamati ilitarajiwa saa nane mchana, na saa nane madereva huwa bado wako kwenye foleni, alileta wageni wa kuazima: binamu zake wawili kutoka Hasamba, na mimi. Nilikuwa mgeni namba tatu. Tulifanyishwa mazoezi tangu asubuhi, kusimama wima, kutazama kamera, kutoitikia marahaba kwa kuinama. Mmoja wa binamu alishindwa kabisa kutoinama, akafungwa ubao mgongoni ndani ya shati.

Kamati walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mtanashati aitwaye Imelda, kila mmoja na chupa yake ya maji. Binamu wa kwanza akapita, kijani. Binamu wa ubao akapita, kijani. Bi Imelda akaandika. Emanueli alisimama kando amekunja mikono, viatu vinang'aa. Mama Gwantwa alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya mashine, mikono mapajani, na nilijua anahesabu dakika zake za mwisho katika nyumba ile. Nilikuwa nimeshajifuta paji la uso, niko mlangoni nangoja zamu, mtu akanipita bila kuniomba radhi.

Alikuwa Damiano. Amewahi foleni, amefika mapema. Alisimama mbele ya mashine akiwa wima kabisa, bila kufundishwa na mtu.

"Shikamoo, mteja wetu," ikasema mashine. "Joto la mwili, thelathini na tano nukta sita. Hongera, afya yako ni njema."

Taa ikawaka kijani. Kamati ikapiga makofi, na Mzee Mbonile akanitazama kwa furaha ya mtu aliyepata zawadi asiyoitarajia, yaani mgeni wa kweli.

Damiano hakupiga makofi. Nilimwona Mama Gwantwa akikishika kiti kwa mikono yote miwili. Halafu akavunja amri.

"Mwapoleni, ba Damiano," akamsalimia kwa Kibemba kutoka nyuma ya mashine. "Bamayo wa Luanshya hajambo?"

"Bwino," akajibu Damiano, yaani salama.

Neno moja. Mtu ambaye kwa swali hilo hutupa robo saa, mbuzi mmojammoja, alisema neno moja na kunyamaza. Mzee Mbonile akakohoa kumwonya Mama Gwantwa. Yeye alikuwa amesimama tayari. Alipita mbele ya mashine, mashine ikampa shikamoo, hakuitikia. Akaushika mkono wa Damiano mbele ya kamati nzima ya mguso sifuri, akaugeuza. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo kutwa, na macho yalikuwa yamezama ndani.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Alfajiri, bamayo."

"Mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

Akapepesuka, tukamdaka mimi na binamu wa ubao. Mama Gwantwa aliongea bila kupandisha sauti. Aliniambia nikamate bajaji, akamwambia Ferista alete maji yaliyochemka yenye sukari na chumvi kama gari la matangazo lilivyoelekeza, akamwambia Emanueli ampigie bwana afya kwa hiyo simu yake nzuri, na akasema mtu yeyote asiliguse beseni. Emanueli alipiga. Kamati ilikuwa imerudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama Gwantwa," akasema Mzee Mbonile, na nilimwonea huruma, sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mashine imesema kijani."

"Mashine imemuuliza paji la uso, mzee. Mimi nimemuuliza mama yake."

Damiano alilazwa kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu siku tano, akatundikiwa maji chupa kwa chupa. Waliompokea walisema angechelewa saa moja tu wangekuwa wanaandika karatasi nyingine. Walisema pia kwamba kipindupindu mara nyingi hakileti homa, kinamkausha mtu na kumpoza, na kwamba ukikitafuta kwa kipima joto utampongeza maiti. Ferista na mmoja wa binamu waliharisha, wakapona. Mimi kwa wiki nzima nililisikiliza tumbo langu kuliko nilivyowahi kusikiliza mahubiri. Bwana afya alikuja na bomba la dawa, akamwaga beseni shimoni, akakichoma kitambaa, akaifunga loji siku kumi. Kibao cha mguso sifuri alikiacha, sijui kwa kusahau au kwa kejeli.

Hapo mimi nilidhani hadithi imekwisha. Nilidhani mashine itarudi stoo kwa vyungu vya maua na Mama Gwantwa atarudishiwa meza yake. Nilishasahau kwamba kamati haijaandika ripoti.

Ripoti ikaja, mzee akanisomea mwenyewe. Ilisema mfumo umefanya kazi vizuri kwa asilimia tisini na tano. Changamoto iliyojitokeza ni mtumishi mmoja kuingilia mchakato. Hata hivyo ilibainika kwamba salamu za mtumishi huyo zina mvuto kwa wateja, hivyo ilishauriwa kwamba mashine iboreshwe, iwe na salamu ya kienyeji zaidi.

Mzee alimwita Mama Gwantwa kwa heshima mpya. Akamshukuru kwa yaliyopita, akamwambia kwamba mradi umeiona thamani yake, na kuanzia sasa sauti yake itakuwa kazini Hasamba View kila siku. Mama Gwantwa akafurahi. Alikuja kuniambia akitabasamu, nami nikafurahi, tukanunua soda. Emanueli akaja na kinasa sauti, wakajifungia chumba namba saba siku nzima. Alirekodi salamu zake zote, kwa Kiswahili na Kibemba na Kinyiha: umesafirije, umewaachaje, umekula nini, mama hajambo. Emanueli alimwomba acheke, akacheka, nacho kicheko kikarekodiwa.

Jumatatu alipokwenda kazini akakuta kiti cha plastiki hakipo. Mzee akampa bahasha ya kuagana na cheti chenye fremu, kimeandikwa Mchango wa Sauti.

Sasa anakaa kibarazani kwangu. Nilimpa kazi ya mapindo na vifungo, maana mkono wake wa mashuka haujasahau sindano, na Gwantwa bado yuko chuoni kwa sababu wateja wangu wameongezeka. Wanakuja kuniletea suruali isiyo na tatizo, wakae. Usiku tunafunga, lakini mchana kutwa sote wawili tunaisikia sauti yake ikitoka ng'ambo ya barabara, imechangamka, haichoki. Siku za kwanza aliinua shingo kila ilipoita. Baadaye akaacha.

Miezi miwili ilipita. Siku moja nilikuwa ndani ya loji nimepanda kwenye ngazi, natundika pazia la mapokezi, Damiano akaingia. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya mashine, na mashine ikasema kwa Kibemba, kwa sauti ya Mama Gwantwa kabisa, mwapoleni, umesafirije, bamayo hajambo?

Yule mtu alidhani Mama Gwantwa yuko nyuma pale, kwenye kiti chake. Nitamlaumu vipi? Hata mimi pale juu ya ngazi niligeuka. Alipinda magoti, akapiga makofi yake matatu, lakini safari hii polepole, na kuku hawakushtuka.

"Bamayo ametutoka," akasema. "Ni wiki tatu sasa. Tumemzika Luanshya."

Mashine ikacheka kile kicheko kilichorekodiwa chumba namba saba.

"Vizuri sana," ikasema. "Na mvua huko kwenu, imenyesha?"

Nilishuka kwenye ngazi sijui kwa miguu ipi. Damiano alikuwa amechungulia nyuma ya mashine, akakuta waya. Hakuuliza kitu. Nilimshika kiwiko, nikamwonyesha mlango, na ng'ambo ya barabara kibaraza changu, na pale kibarazani mwanamke aliyekuwa ameinamia pindo la sare ya shule.

Alivuka. Mama Gwantwa aliinua kichwa lori moja likipita kati yao, na lilipomaliza kupita alikuwa ameshaweka sindano chini. Alimtazama anavyotembea. Alisimama, akapinda magoti, akakutanisha viganja na kuviacha bila kuvipiga.

"Pole, ba Damiano," akasema. "Nani ametutoka?"

Damiano hakuwa amefungua mdomo. Alikaa kwenye benchi langu, akalia, naye Mama Gwantwa akamwacha alie mpaka akatosheka, kisha akaanza kumuuliza mwanzo: aliugua siku ngapi, nani alikuwa naye, wale mbuzi wamebaki na nani, na mwenyekiti wa kwaya, alikuja kuzika? Alikuja, Damiano akasema, na ndiye aliyeimbisha. Jua lilizama wakiwa palepale. Chumba namba saba, ambacho mashine ilikuwa imemwandikia, hakikulaliwa na mtu.

Habari zikamfikia mzee. Kesho yake asubuhi Emanueli akavuka barabara na viatu vyake vya ncha, kinasa sauti mkononi. Alisalimia vizuri, ameshajifunza. Akasema mzee anamwomba mama aje kwa nusu saa tu, kuna kasoro ndogo imegundulika, wanataka arekodi na pole.

"Pole ya nani?" akauliza Mama Gwantwa.

Emanueli akatazama karatasi yake. Akasema haijaandikwa ya nani, ni ya jumla, iwe tayari kwa yeyote atakayehitaji.

Mama Gwantwa alikata uzi kwa meno, akatafuta tundu la sindano kwenye mwanga.

"Mwambie mzee," akasema, "pole hairekodiwi kabla ya msiba. Na wewe kaa hapo kwenye benchi kwanza. Nyumbani umewaachaje?"

Emanueli akafungua mdomo ajibu kwamba hawajambo, kisha akakizima kinasa sauti, akakaa.